Ganda la rola la karatasi: gharama ndogo, hasara isiyoandikwa popote

Boksi la maua kutoka Naivasha, boksi la parachichi kutoka Njombe, mfuko wa unga wa kilo 2 kwenye rafu ya duka: vyote vilianza kama rola la karatasi. Rola la kiwandani lina uzito wa kuanzia nusu tani hadi tani 3, na mengine husimama marefu kumzidi mtu mzima. Halisogezwi kwa mikono ya makuli wala kwa toroli. Kila linapohama linategemea mashine, na kila mashine inayoligusa inaweza kulijeruhi.

Mahitaji ya marola yamekua kwa sababu zinazojulikana na kila aliye kwenye biashara hii. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, na Rwanda ilikuwa imetangulia tangu 2008. Sehemu ya pengo hilo imezibwa na mifuko ya karatasi. Wakulima wanaouza nje nao hawawezi kusafirisha bila boksi imara, na boksi imara linataka karatasi ya krafti ya nyuzi mpya kwenye tabaka la nje. Sehemu ya krafti hutoka Mgololo, wilayani Mufindi, kwenye ukanda wa misonobari ya Sao Hill. Nyingine huja kwa meli kutoka Ulaya kaskazini, Afrika Kusini na Amerika. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, magharibi mwa Kenya, kilifungwa mwaka 2009, na tangu hapo wachapaji na watengeneza maboksi wa Kenya wamezidi kutazama bandarini.

Katika mjadala mzima wa bei, ushuru na nauli ya meli, ganda linalolivika rola halipewi nafasi. Mnunuzi huliona kama gharama ya kupunguza. Muuzaji huliona kama kitu cha kutoa pale mteja anapobana bei. Krafti ya maboksi mara nyingi husafirishwa bila ganda kabisa, ikiwa imefungwa mikanda tu, kwa hoja kwamba tabaka chache za juu zitatupwa na zilizo chini zitabaki nzima. Karatasi ya magazeti na karatasi laini za kuchapia huvikwa zaidi: vifuniko vya duara pande zote mbili, karatasi nzito yenye utando wa nailoni ndani ya kuzuia unyevu, kingo zilizokunjwa na kugandishwa kwa gundi ya moto, na vizibo vya mbao au vya karatasi kwenye bomba la katikati ili lisibonyee.

Hoja ya tabaka chache za juu ndiyo inayowaponza wengi, na inafaa kupigiwa hesabu. Chukua rola lenye kipenyo cha sentimita 125, lililozungushwa kwenye bomba lenye upana wa sentimita 10 hivi. Jeraha lenye kina cha sentimita 1 tu linaonekana dogo, lakini ili kulimaliza ni lazima kumenya rola lote kuzunguka kwa kina hicho, na kinachoondoka ni asilimia 3 ya karatasi yote. Jeraha la sentimita 2 na nusu, ambalo ncha ya uma wa foklifti hulichimba kwa mguso mmoja, linaondoa karibu asilimia 8. La sentimita 5 linaondoa zaidi ya asilimia 15. Karatasi nyingi ya rola iko nje, kwenye mizunguko mipana, na huko ndiko vyuma vinakogonga. Kwa rola la tani 2, mguso ule wa sentimita 2 na nusu unageuza kilo 150 na ushei kuwa chakavu, na chakavu huuzwa kwa bei ya chakavu ingawa ushuru na nauli vililipwa kwa karatasi nzima.

Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam anayeagiza krafti na karatasi ya magazeti, na kuwauzia wachapaji na wenye viwanda vidogo vya mifuko, ana malalamiko ambayo wenzake wengi wanayarudia kwa maneno yao. Kwa maelezo yake, marola yake hutoka kiwandani yakiwa mazima na hupanda meli yakiwa mazima, kisha huumia ndani ya kilomita chache za mwisho. Kontena hufika, kisha hupangiwa ukaguzi. Ukaguzi wenyewe haupingi. Katika sura ya 48 ya orodha ya ushuru, karatasi hutofautishwa kwa aina na kwa uzito wa gramu kwa mita ya mraba, kwa hiyo ofisa anayetaka kujua alichoandikiwa hana budi kuona karatasi yenyewe. Analolalamikia ni namna inavyofanywa. Ganda hukatwa kwa kisu kutoka juu hadi chini, kipande huchukuliwa, na rola huachwa wazi. Hakuna anayelifunga tena, na hakuna utepe wa gundi kwenye yadi. Kisu kikizama zaidi ya ganda, kinakata pia karatasi ambayo mteja wake anaisubiri.

Kisha linakuja suala la kuyashusha marola. Rola linatakiwa kushikwa na foklifti yenye mikono miwili mipana inayolikumbatia ubavuni, yenye kipimo cha nguvu ya kubana. Mfanyabiashara huyu anasema yadi alizotumia zina mashine hizo, ila ziko chache na mara nyingi ziko kwenye kazi nyingine, na foleni ya malori haisubiri. Hapo hutumwa foklifti ya kawaida ya uma. Dereva huulaza mzigo, hupitisha uma chini yake au ndani ya bomba la katikati, na huvuta. Bomba likibonyea, rola zima halitaingia kwenye mashine, hata kama karatasi yake haina doa. Hata mashine sahihi inaharibu ikibana kupita kiasi: rola hupoteza uduara, likizungushwa kwa kasi linaruka na kutikisa mtambo, na karatasi inakatika katikati ya kazi. Mchapaji wa gazeti anajua karatasi kukatika saa sita usiku ina maana gani kwa magari yanayosubiri nje.

Lakini kinachomuumiza zaidi ni karatasi za madai. Wakala wake wa forodha husaini kupokea mzigo akiwa langoni, akiwa na kontena 4 nyuma yake na gharama za kuchelewesha zinazoongezeka. Ganda limechafuka, lakini ganda huchafuka siku zote. Wiki kadhaa baadaye mteja anafungua rola kiwandani na kukuta jeraha. Kanuni za kimataifa za usafirishaji baharini, ambazo msingi wake ni wa mwaka 1924, zinataka hasara isiyoonekana kwa macho itolewe taarifa ya maandishi ndani ya siku 3 tangu mzigo kukabidhiwa. Kukosa taarifa hiyo hakuzimi madai, kwani kesi inaweza kufunguliwa ndani ya mwaka 1, ila kunahamisha mzigo wa ushahidi: inachukuliwa kwamba mali ilitoka ikiwa nzima hadi mpokeaji athibitishe vinginevyo. Atathibitisha vipi, wakati rola limepita kwenye meli, yadi, lori na ghala lake mwenyewe? Mwenye bima anauliza picha za langoni, na picha hazipo. Kwa hiyo anampunguzia mteja bei, anauza chakavu, na anapandisha kidogo bei ya shehena inayofuata. Mkulima wa parachichi anaongezewa senti kwenye boksi bila kuelezwa sababu.

Ofisa mmoja anayeshughulikia shughuli za mizigo anatoa picha tofauti. Kwa maelezo yake, uharibifu wa karatasi ni mdogo sana, malalamiko yaliyofikishwa rasmi ni machache, na muda wa kontena kukaa bandarini unazidi kupungua. Huenda yote matatu ni kweli. Lakini malalamiko ni machache kwa sababu ileile aliyoieleza mfanyabiashara: hasara inagunduliwa mbali na bandari, na baada ya muda ambao kulalamika kuna faida. Takwimu inayosifiwa inapima saa. Hali ya mzigo unapotoka langoni haipimwi na mtu yeyote. Kasi ikiongezeka bila mashine za kukumbatia rola kuongezeka, yadi itakuwa imepata njia ya haraka zaidi ya kuchimba karatasi kwa uma. Ofisa hakuwa na takwimu ya uharibifu kwa aina ya mzigo, na bila takwimu hiyo neno "mdogo" linabaki kauli tu.

Kuna jambo ambalo wafanyabiashara nao hawalisemi kwa sauti. Wengi huchagua wenyewe kulivunja kontena Mombasa au Dar es Salaam na kuhamishia marola kwenye malori ya wazi, kwa sababu kampuni za meli hudai amana kubwa kwa kontena linalokwenda Kampala au Kigali, na kulirudisha tupu ni gharama nyingine. Kiasi kinachookolewa kinaonekana mara moja kwenye ankara. Kinachopotea ni ulinzi wa kuta za chuma kwa zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mombasa hadi Kampala, na badala yake kuna turubai, kamba na utingo. Rola lililolazwa bila kabari za kutosha linasogea kila lori linapofunga breki, na linasugua mwenzake. Kanuni za kimataifa za upakiaji wa makontena za mwaka 2014 zinaeleza kwa kina namna ya kuzuia mzigo usisogee, kwa mifuko ya hewa, kabari na mikanda. Kwenye lori la wazi kanuni hizo zinaishia kwa dereva.

Na kuna unyevu, ambao hauachi alama ya uma. Karatasi hunywa na kutoa maji kulingana na hewa iliyoizunguka. Maabara huipima kwenye nyuzi 23 za Selsiasi na unyevunyevu wa asilimia 50, hali ambayo ghala la Kurasini au Changamwe haliijui wakati wa masika. Ganda likichanika pembeni, ukingo wa rola hunywa kwanza, hutanuka na kufanya mawimbi. Rola hilohilo likipandishwa Nairobi au Dodoma kwenye hewa kavu, ukingo hukauka kabla ya katikati, hujivuta na kukakamaa, na karatasi inakatika ikivutwa. Mtengeneza maboksi huona karatasi mbovu, na hulaumu kiwanda kilichoitengeneza. Ndiyo maana ganda lenye utando wa nailoni lina thamani kubwa pwani, na ndiyo maana kisu cha ukaguzi kinagharimu kuliko kipande kinachochukuliwa.

Utando huo huo ndio unaoleta tatizo mwishoni. Ganda la karatasi tupu huyeyushwa pamoja na chakavu nyingine na kurudi kuwa karatasi. Lenye nailoni iliyogandishwa linasumbua viwanda vya kurejeleza, na mengi huishia kufungia bidhaa sokoni, kutandikwa ghalani au kuchomwa. Marufuku za plastiki za Kenya na Tanzania ziliacha nafasi kwa vifungashio vya viwandani, kwa hiyo ganda la rola halikuguswa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inawataka wanaoingiza bidhaa sokoni wawajibike kwa taka zake, na waagizaji wanajiuliza kama ganda lililokuja limelivika rola la mtu mwingine litahesabiwa kuwa lao. Majibu wanayopewa yanatofautiana kulingana na anayejibu. Nje kuna viwanda vinavyojaribu kuweka kizuizi cha unyevu kinachopakwa na kuyeyuka pamoja na karatasi. Kama kinahimili masika ya pwani ni jambo la kujaribiwa hapa, kwa joto letu na maghala yetu.

Fursa za ndani zipo, ingawa si kubwa kama zinavyotangazwa kwenye majukwaa ya uwekezaji. Mabomba ya karatasi ya katikati, vizibo, vifuniko vya duara vya maboksi na vikinga kingo vinaweza kutengenezwa kwa chakavu ya humu humu, na soko la kwanza ni marola ya Mgololo yanayokwenda nchi jirani. Lakini marola mengi yanayoharibika yalivikwa ng'ambo, na mtengenezaji wa ganda wa Dar es Salaam hawezi kuyafikia labda ayavike upya yakiwa yadini, baada ya ukaguzi. Kazi hiyo ya kufunga upya rola lililokatwa haihitaji zaidi ya utepe mpana, karatasi ya krafti, nailoni ya kuvuta na mtu aliyefundishwa kwa siku chache. Nani ailipie ndilo swali lililokwama. Yadi inasema ni ya mwenye mzigo, mwenye mzigo anasema ni ya aliyekata.

Kwa msimu ujao, waagizaji wakubwa wanaweza kujikinga: wanaandika kwenye mkataba aina ya ganda, wanataka kifaa cha kurekodi mtikisiko na unyevu ndani ya kontena, na wanampeleka mtu wao apige picha langoni kabla wakala hajasaini. Wadogo, wanaonunua rola moja moja kutoka kwa dalali, hawana mkataba wa kuandika chochote. Bei ya karatasi ikishuka, ganda litakuwa la kwanza kukatwa, kama ilivyokuwa huko nyuma. Ikipanda, huenda baadhi wakaanza kuhesabu sentimita. Bado haijulikani kama mashine za kukumbatia rola zitaongezwa yadini, na ofisa yule hakutaja tarehe.