Namba Tano Kutoka Bechhofen

Thomas Dooley aliichezea Marekani kwa mara ya kwanza tarehe 30 Mei 1992, akiwa na miaka 31 na Kiingereza cha kuokoteza. Mechi ilikuwa dhidi ya Ireland, uwanja wa RFK, Washington. Kutoka kwetu Alexandria, jirani na Washington, unapanda treni ya laini ya buluu pale King Street, unavuka mto Potomac, unashuka Stadium-Armory. Marekani ilishinda 3–1. Mimi wakati huo nilikuwa Tanga, nacheza mkoba, beki wa mwisho, kwenye timu ya mtaa, na habari za Dooley nilikuja kuzipata kwa kanda za video baada ya kuhamia huku. Tangu hapo nimewachosha wazazi wenzangu kwa jina lake.

Wananichokoza wenyewe. Jumamosi tukipeleka watoto kwenye viwanja vya Ben Brenman, Wahabeshi, Waghana, Wakenya na sisi Watanzania, haipiti nusu saa kabla mtu hajauliza, "Sasa huyu akikua ataichezea nchi gani?" Jibu langu huanzia Bechhofen.

Hicho ni kijiji cha Rhineland-Palatinate, pande za Kaiserslautern, ambako jeshi la Marekani limejaa: Ramstein kuna uwanja wa ndege za kivita, Landstuhl kuna hospitali ya jeshi, ileile walikopelekwa baadhi ya majeruhi wa bomu la Nairobi la Agosti 1998. Dooley alizaliwa huko mwaka 1961. Mama Mjerumani, baba askari wa Kimarekani aliyeondoka mtoto angali mdogo. Lugha, malezi na soka, vyote alivipata kwa Wajerumani.

Na hakuibuka mapema. Hapa kwetu mtoto wa miaka 14 akikosa nafasi kwenye akademi, baba yake anaona dunia imekwisha. Dooley akiwa na miaka 22 alikuwa FK Pirmasens, madaraja ya chini. Mwaka 1984 akaenda FC Homburg, wakapanda Bundesliga mwaka 1986. Miaka miwili baadaye akahamia Kaiserslautern, akatwaa nao Kombe la Ujerumani mwaka 1990 na ubingwa wa ligi mwaka 1991. Bingwa wa Ujerumani, miaka 30, na timu ya taifa ya Ujerumani haikumchezesha hata dakika moja.

Marekani ilikuwa na shida yake. Ingeandaa Kombe la Dunia la 1994, lakini ligi yake kubwa ilikuwa imekufa tangu katikati ya miaka ya themanini. Beki aliyezoea kukaba washambuliaji wa Bundesliga kila wiki, halafu ana haki ya uraia kwa upande wa baba, alikuwa wa kugombaniwa.

Ukitaka kumjua, tafuta mechi dhidi ya Uingereza, Foxboro, tarehe 9 Juni 1993. Dakika ya 42 Tab Ramos anamimina krosi. Usiutazame mpira, mtazame Dooley anavyotokea nyuma, hana haraka, hakuna anayemfuata, na anafika kichwa kikiwa sambamba na mpira. Bao. Mkoba mzuri ndivyo alivyo: uwanja wote uko mbele ya macho yake, kwa hiyo anajua wakati wa kubaki na wakati wa kwenda. Mechi ikaisha 2–0. Siku nne baadaye, Chicago, Marekani ikafungwa 4–3 na Ujerumani, na mawili kati ya yale matatu aliyafunga Dooley, dhidi ya nchi aliyozaliwa. Mwaka huo alichaguliwa mchezaji bora wa Marekani.

Kombe la 1994 alicheza mechi zote nne, mara nyingi akiwa kiungo. La 1998 ndilo linalonipa taabu. Kocha Steve Sampson alimwondoa kikosini nahodha John Harkes, kipenzi cha mashabiki wa D.C. United hapa Washington, na kitambaa akakivaa Dooley, miaka 37. Mechi ya kwanza, Paris, ikawa dhidi ya Ujerumani. Möller akafunga, Klinsmann akafunga, 2–0. Wamarekani wakafungwa na Iran, wakafungwa na Yugoslavia, wakashika mkia wa timu zote 32. Wapo wanaomlaumu Dooley. Mimi namlaumu Sampson: timu ilishapasuka kabla ya kupanda ndege.

Alimaliza na mechi 81 za taifa na mabao 7, akastaafu mwaka 2000 baada ya Columbus Crew na MetroStars. Baadaye akawa kocha wa Ufilipino, akaifikisha Kombe la Asia la 2019 kwa mara ya kwanza. Kikosi chenyewe kilijaa vijana waliozaliwa Ulaya na mama wa Kifilipino. Nani angewaelewa kuliko yeye?

Hapo huwa nawatajia Clarence Goodson, beki aliyezaliwa hapahapa Alexandria mwaka 1982. Mei 2014 Klinsmann yuleyule, wakati huo kocha wa Marekani, alimkata kwenye orodha ya kwenda Kombe la Dunia, Brazil, na kumchukua John Brooks, mzaliwa wa Berlin, naye mtoto wa askari wa Kimarekani. Brooks akaifunga Ghana bao la ushindi dakika ya 86. Waghana wa Ben Brenman hawapendi nifike hapo.

Wakenya wao hawana wasiwasi: katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, basi mtoto ana nafasi ya kungoja aone nani atamwita. Uganda nayo inaruhusu, na mwaka 2024 ilimpata Elio Capradossi, beki aliyezaliwa Kampala na kulelewa kisoka Roma. Sisi Watanzania sheria inatutaka mtu mzima abaki na uraia mmoja, na FIFA haimruhusu mtu kuichezea nchi asiyo raia wake. Wa kwangu ana miaka 13, anacheza namba tano. Mama yake anasema tumwache kwanza amalize shule.