Ndevu za Pamba Katika Igizo la Historia

Tulialikwa Dumila, pale njia panda ambapo barabara ya Morogoro kwenda Dodoma hukutana na ile ya Kilosa, kutazama wanafunzi wakiigiza habari za misafara ya karne ya 19. Igizo lilikuwa zuri, na watoto walikuwa wamehifadhi maneno yao barabara. Ila jambo moja lilitushughulisha njia nzima ya kurudi. Katika wahusika wote waliopanda jukwaani, mwenye ndevu alikuwa mmoja tu, naye ni mnunuzi wa watumwa, aliyebandikwa pamba nyeupe hadi kifuani. Mtemi aliyemuuzia mateka alikuwa na kidevu kitupu. Mzungu msafiri naye hakuwa na unywele usoni. Mtoto mmoja aliyeketi mbele yetu alimgeukia baba yake, mtu mzima mwenye ndevu zake za sunna, akamtazama kitambo, kisha akarudisha macho jukwaani bila ya kusema neno.

Hatuandiki haya ili kumsafisha mtu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mashuhuri kwa jina la Tippu Tip, alifanya biashara ya pembe na ya watu, na picha zake za uzeeni zinamwonyesha na ndevu nyeupe. Anayemwigiza kwa jina lake na amwekee ndevu zake, kwani ndivyo alivyokuwa. Lakini Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, ambaye kwa shinikizo la Waingereza alikubali mkataba wa kufunga soko la watumwa mwezi Juni 1873, naye alikuwa mtu wa ndevu. Stanley, aliyepita nchi hii mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alikuwa na masharubu, na Livingstone mwenyewe alikuwa na masharubu mazito. Ni nani basi aliyemnyoa Mzungu wa Dumila?

Na Kisabengo, aliyeujenga mji wa Simbamwene ulipo mji wa Morogoro leo? Wasafiri waliandika kwamba naye aliteka watu. Hatuijui picha yake hata moja, kwa hiyo mwalimu ana hiari ya kumpa ndevu au kumwacha. Tunachokilalamikia ni hiari hiyo kuelekezwa upande mmoja kila mara, mpaka pamba ikawa ni shahada ya uovu.

Hata ukija kwenye vita vya Wazungu, uso hausemi kambi. Majeshi ya Smuts yalipoingia Morogoro mwezi Agosti 1916, jemadari huyo alikuwa na ndevu zilizochongoka, na adui yake, von Lettow-Vorbeck, alikuwa na masharubu. Kanuni za jeshi la Uingereza zilimtaka askari asinyoe mdomo wa juu, na sharti hilo halikuondolewa ila Oktoba ya mwaka ule ule.

Sisi Waislamu tungepaswa kuwa wa mwisho kulipuuza jambo hili, kwa kuwa ni umma uliohesabu mvi. Anas bin Malik (r.a.) amepokewa katika Bukhari akieleza kuwa Mtume (s.a.w.) alifariki akiwa hana hata nywele 20 nyeupe kichwani na kidevuni. Imepokewa pia kuwa Abubakar (r.a.) alizipaka zake hina na katam. Hatumwigizi Mtume (s.a.w.) wala haifai kumwigiza, lakini yamhusuyo yalihifadhiwa kwa uangalifu wa namna hiyo, na atakayeeleza sura ya mtu aliyekwisha kufa ana pa kujifunzia.

Kijana mmoja alituuliza baada ya igizo kama anaweza kuzinyoa ndevu zake ili mwakani aigize mtu asiye nazo. Hadithi ya Ibn Umar (r.a.), katika Bukhari na Muslim, inaamrisha kupunguza masharubu na kuziacha ndevu. Katika wanazuoni wa Kishafii wapo walioharamisha kunyoa, na wapo walioona ni makuruhu. Sisi tulimshauri aombe sehemu nyingine. Watu wenye ndevu katika historia ya njia hii ni wengi, na si wote waliokuwa na minyororo mikononi.

Mwalimu wa igizo, tuseme haki, alitusikiliza kwa upole. Alisema alitumia pamba kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, na kwa sababu ndivyo alivyoigiza yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi. Tulimsimulia kwamba Stanley alipofika Simbamwene mwaka 1871 hakumkuta Kisabengo, bali binti yake ndiye aliyekuwa akitawala, naye alimdai mgeni huyo hongo kama alivyodai mtawala yeyote wa njia. Habari hiyo hakuwa nayo. Alitoa daftari akaiandika, kisha akamwita msichana mmoja wa darasa la saba aliyekuwa akikusanya viti.