Kukwangua au Kuchora? Istilahi katika Kujifunza Uchapaji wa Mezotinto

Makala haya yanajadili swali moja la istilahi: mwanafunzi wa mezotinto, tawi la uchapaji wa picha kwa bamba la shaba nyekundu, aambiwe kwamba anafanya nini? Jibu jepesi ni kwamba anachora. Jibu hilo humpotosha.

Kuchora, kwa mazoea, ni kutia alama mahali patupu. Mezotinto huanza kinyume. Mwanafunzi hushika chombo mfano wa patasi pana, chenye makali ya mviringo yaliyochongwa meno, akakiyumbisha juu ya bamba zima, kisha akarudia kwa mwelekeo mwingine, na mwingine tena, mpaka pasibaki mahali laini. Kila jino huacha kitundu na ukingo mdogo ulioinuka, na hapo ndipo wino hunasa. Bamba likichapwa katika hali hiyo hutoa weusi mtupu, mzito kama mahameli. Kazi hii huchukua saa nyingi, na asiye na subira huigundua haraka yake baadaye, weusi unapotoka wa kijivu wenye madoa.

Ndipo picha inapoanza. Kwa kikwanguo, mwanafunzi huondoa mparuzo mahali anapotaka mwanga. Kwa chuma laini, husugua hadi wino ufutike wote. Akikwangua kidogo hupata kivuli, akizidi hupata weupe. Alichokizidisha hakirudi ila kwa kupayumbishia chombo upya mahali pale.

Lugha za Ulaya hazikukubaliana juu ya jina. Kiitaliano kilitaja rangi ya kati, Kifaransa namna nyeusi, Kijerumani sanaa ya kukwangua. Ni Kijerumani tu kilichotaja tendo la mkono. Picha ya Ludwig von Siegen ya mwaka 1642 ndiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza. Miaka 20 baadaye, John Evelyn aliutangaza ufundi huu katika kitabu chake *Sculptura*, lakini kwa makusudi hakueleza waziwazi unavyofanywa. Istilahi isiyofaa huficha vivyo hivyo, tena bila kukusudia.

Kwa hiyo “mezotinto” libaki katika orodha za makumbusho. Karakanani, “uchapaji wa kukwangua” unafaa zaidi, pamoja na “mparuzo”, neno ambalo mwanafunzi hulithibitisha kwa ncha ya kidole. Mparuzo huo husagika kila bamba linapopita katika mashine, ndiyo maana nakala za mwanzo huwa nyeusi kuliko zinazofuata.