Jiwe la Angani Laweza Kukengeushwa

Asubuhi ya tarehe 15 Februari 2013, jiwe lenye upana wa meta 20 hivi liliingia katika anga la Dunia na kupasuka juu ya eneo la Chelyabinsk, Urusi. Madirisha yalivunjika, na watu wapatao 1,500 wakajeruhiwa, wengi wao kwa vipande vya vioo. Hakuna aliyekuwa amelitazamia. Je, lijapo jiwe kubwa zaidi, sisi wanadamu tutaketi tu tukilingoja?

Wengi wetu hudhani kwamba dawa yake ni kulilipua. Lakini vipande vyake navyo vyaweza kuendelea na safari ile ile. Shauri jema zaidi ni kulichelewesha. Dunia hulizunguka Jua kwa mwendo wa kilometa 30 kwa sekunde, na upana wake ni kilometa 12,700 hivi. Basi kwa muda wa dakika saba huwa imekwisha toka mahali ilipokuwa. Jiwe likichelewa kiasi hicho, litakuta njia panda ni tupu.

Msukumo uhitajiwao ni mdogo, mradi utolewe mapema. Tukibadili mwendo wa jiwe kwa sentimeta moja tu kwa sekunde, baada ya miaka 10 litakuwa limeachana na mahali lilipotazamiwa kwa zaidi ya kilometa 3,000. Tukingoja hadi ubaki mwaka mmoja, tutapata kama sehemu moja ya kumi ya umbali huo.

Jambo hili limekwisha jaribiwa. Tarehe 26 Septemba 2022, chombo cha Marekani kiitwacho DART, chenye uzito wa kilo 580 hivi, kilijibamiza kwa makusudi katika Dimorphos, jiwe la meta 160 hivi lisilotuhatarisha, ambalo huzunguka jiwe kubwa zaidi liitwalo Didymos. Mzunguko uliokuwa ukichukua saa 11 na dakika 55 ulipungua kwa dakika 33 hivi. La ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya msukumo ilitokana na vumbi na mawe yaliyoruka kutoka katika shimo, mfano wa bunduki ipigavyo bega risasi itokapo.

Mnamo Oktoba 2024 Ulaya ilirusha chombo cha Hera kwenda kulichunguza jeraha hilo. Nasi tumejifunza kwamba silaha ya kwanza ni darubini, kwani jiwe lisiloonekana mapema halisukumiki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.