Hadisi kwenye parkingi: kitabu kinaweza kupanda gari Bunia?

"Bado mutu moja tu, tunaenda!" Mkaaji wa Bunia aliyewahi kusafiri kwenda Mahagi, Komanda ao Kasenyi anajua maneno hayo. Anajua pia kama huyo mutu moja anaweza kuchelewa saa mbili nzima. Gari haina saa ya kutoka, inatoka ikijaa. Mama anabaki na mtoto kwenye mapaja, mkubwa wake anahesabu motari wanaopita, jua linapanda.

Kungoja kwa namna hiyo njo kunatafutwa na maktaba zinazopeleka saa ya hadisi pale watu wanapopanda gari, kama inavyofanyika katika miji fulani ya Marekani. Msomaji anakaa na familia, anasoma kwa sauti, anaonyesha picha, anauliza: "Sasa itakuwa nini?" Mzazi hatumwi mbali. Anaona namna inavyofanyika ili aifanye nyumbani, hata kama yeye mwenyewe hajui kusoma, juu picha haiombi diplome.

Karibu na sisi, Kenya ilianza na ngamia. Mwaka 1996, huduma ya taifa ya maktaba ilipeleka vitabu kwa wafugaji wanaohamahama kandokando ya Garissa, pale gari linashindwa na mchanga. Ngamia mmoja anabeba masanduku mawili, kila moja vitabu 200, mwingine anabeba hema. Ethiopia, katika mji wa Awassa, kazi hiyo ilipewa punda. Hawakungoja barabara itengenezwe ao jengo lijengwe. Walitumia kile kinachotembea tayari.

Bunia kinachotembea ni moto na taksi. Kwenye moto hakuna wa kusoma, tuseme ukweli. Ndani ya gari linaloruka mashimo pia, sauti inapotea na macho yanachoka. Kwa hiyo nafasi nzuri ni parkingi, mbele ya kutoka. Hadisi iwe fupi, dakika tano hivi, juu gari likijaa shoferi hatangoja sungura amalize ujanja wake. Na mkubwa wa parkingi aombwe ruhusa kwanza: Ituri iko chini ya hali ya dharura tangu mwezi wa tano 2021, na kundi la watu lisiloeleweka linaleta maswali.

Shida kubwa ni luga. Vitabu vingi vya watoto vinavyofika hapa viko kwa Kifaransa. Lakini mtoto aliyekimbia Djugu na kulala kambini Kigonze amekuja na Kilendu ao Kialur, na Kiswahili anakiokota barabarani. Katiba ya 2006 inaweka Kiswahili kati ya luga nne za taifa. Hapa Bunia kina faida nyingine: si cha upande mmoja wa vita. Katika gari moja wanakaa magoti kwa magoti watu ambao vijiji vyao haviaminiani. Msomaji akichagua luga ya kabila moja, wengine watageuka dirishani. Akisoma Kiswahili cha Bunia, kile cha sokoni, watoto wote wanacheka mahali pamoja.

Vitabu vya namna hiyo viko. Mradi wa African Storybook, uliofunguliwa 2014 kutoka Afrika Kusini, unatoa hadisi zenye picha bila malipo, nyingi kwa Kiswahili. Mtu anaruhusiwa kuzichapisha, ao kuzibeba kwenye simu na kuzisoma bila intaneti. Kiswahili chake mara nyingi ni cha Kenya, basi msomaji atabadilisha neno hapa na pale.

Na mtoto akipenda kitabu mpaka asikubali kukiachilia? Kinaweza kusafiri naye, na shoferi, ambaye lazima arudi, akirudishe. Wasomaji wa Garissa walipewa siku 14. Gari la Mahagi linarudi mbele ya hapo, kama barabara inapita.