Kabla ya Kulipa Advansi, Inama Uangalie Tairi

Safari za chuo hupangwa kwenye kundi la WhatsApp, na maswali huwa ni yale yale: Noah shilingi ngapi, inachukua wangapi, AC inafanya kazi, muziki upo? Advansi ikishatumwa kwa simu, mambo yamekwisha. Iwe ni safari ya fildi, mahafali ya rafiki Dodoma au msiba wa mzazi wa mwenzetu kijijini, ni nadra kusikia mtu akiuliza matairi yakoje. Na bado kinachoishikilia gari hiyo barabarani, mkiwa wanane ndani pamoja na mabegi, ni vipande vinne tu vya mpira. Kila kimoja kinachogusa lami ni kikubwa takriban kama kiganja chako.

Habari njema ni kwamba tairi halifichi hali yake. Limeandikwa ubavuni, na lina alama usoni. Ukijua pa kuangalia, dakika tano zinatosha kujua kama limekwisha.

Mifereji ni ya nini hasa?

Wengi wetu tunaamini mifereji ya tairi ipo ili kuikamata lami. Kwenye lami kavu sivyo. Magari ya mashindano hutumia matairi laini yasiyo na mfereji hata mmoja pale njia inapokuwa kavu, kwa sababu mpira mwingi unagusa chini. Kwa hiyo dereva akikwambia, "Mbona jana nimetoka nalo Moro na halijateleza hata kidogo," huenda hasemi uongo. Jana jua liliwaka.

Kazi ya mifereji ni kutoa maji. Mvua ikinyesha, tairi linalokimbia linapaswa kuyasukuma maji yote yaliyo mbele yake ili mpira uifikie lami. Mifereji ndiyo njia ya maji hayo kupita. Ikiwa imekwisha, maji hukosa pa kwenda, hujikusanya mbele ya tairi, kisha huliinua. Gari linaelea. Hapo steling inakuwa nyepesi ghafla, breki hazishiki, na dereva, awe mzoefu kiasi gani, amebaki abiria kama ninyi.

Miaka ya 1960 watafiti wa NASA waliokuwa wakichunguza matairi ya ndege walipata kanuni ya kukadiria jambo hili. Pale maji yanapozidi kina cha mifereji, mwendo ambao tairi huanza kuelea unategemea zaidi upepo uliomo ndani yake. Tairi lenye upepo wa psi 32 huelea kwenye kilomita 94 hivi kwa saa. Likiwa na psi 20, kilomita 75 zinatosha. Maana yake ni kwamba tairi kipara lenye upepo mdogo linaweza kuelea kwa mwendo ambao abiria wote mngeuita wa kistaarabu. Fikiria masika, barabara ya kutoka Chalinze kwenda Morogoro, na maji yametuama kwenye mikondo iliyochimbwa na malori.

Rula yako ya hesabu inatosha

Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, sheria inakataza kina kushuka chini ya milimita 1.6. Wataalamu wengi hushauri usisubiri kufika huko, ubadilishe kwenye milimita 3, kwa sababu uwezo wa kutoa maji hupungua mapema kabla tairi halijaonekana kipara.

Huhitaji kifaa cha gereji. Ndani ya mifereji mikuu, watengenezaji wameweka vituta vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Ili uvipate, tafuta herufi TWI au pembetatu ndogo kwenye bega la tairi, kisha fuata mstari kuelekea katikati. Zile kashata, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga lami, zikiwa zimelingana na kituta, tairi hilo limekwisha. Ukitaka namba, tumbukiza rula ndani ya mfereji, ila kumbuka kuwa rula nyingi zina nafasi tupu kabla ya sifuri.

Usipime sehemu moja ukaridhika. Mwombe dereva akate steling upande mmoja, uone matairi ya mbele hadi ukingo wa ndani, kwa sababu kipara hupenda kujificha huko. Jinsi tairi lilivyolika pia inasema jambo. Likilika katikati tu, limekuwa likijazwa upepo kupita kiasi. Likilika kingo zote mbili, limekuwa likitembea na upepo pungufu. Likilika ukingo mmoja, magurudumu hayajanyooka na gari linahitaji alaimenti. Likiwa na mabonde mabonde, shokapu zinatiliwa shaka. Kwenye hali hizi, kubadilisha tairi bila kurekebisha chanzo ni kuliua na hilo jipya.

Tairi huzeeka hata likiwa limeegeshwa

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Tairi lina kashata nzuri, linang'aa, muuzaji amelipaka dawa, nawe unaona ni jipya. Lakini mpira huzeeka kwa jua, joto na hewa hata usipotembea. Hukauka, hupasuka nyufa ndogo, na tabaka za ndani huanza kuachana.

Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na DOT. Namba nne za mwisho ni tarehe ya kuzaliwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta namba tatu tu mwishoni, hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hakuna cha kujadili. Tarehe mara nyingi huandikwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo usipoiona nje, huenda imegeuziwa ndani. Baadhi ya kampuni za magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6. Watengenezaji wa matairi wengi husema likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5, na likifika 10 liondolewe hata kama kashata zote zipo. Hesabu hiyo inalihusu pia tairi la spea, ambalo mara nyingi ndilo zee kuliko yote garini.

Ukiwa umeinama hapo hapo, kagua ubavu. Uvimbe kama nundu maana yake nyuzi za ndani zimekatika, labda kwa kugonga shimo au ukingo wa barabara, na tairi hilo linaweza kupasuka wakati wowote. Nyuzi zikionekana nje, ni hivyo hivyo. Pancha ya usoni fundi huziba vizuri, lakini tundu la ubavuni halina tiba. Kuna pia mtindo wa kuchonga mifereji mipya kwa kisu cha moto. Baadhi ya matairi ya malori yametengenezwa yachongwe, na yameandikwa REGROOVABLE. Tairi la gari dogo halina mpira wa ziada wa kuchonga. Ukilichonga unazisogelea nyuzi.

Upepo na mzigo

Tairi lenye upepo pungufu hukunjwa na kukunjuka kila mzunguko, na kukunjwa huko huzaa joto. Ongeza watu watatu wa kubanana nyuma, mabegi juu, jua la saa nane na mwendo mrefu, tairi linaiva kutoka ndani. Kiasi sahihi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi ya Japani huandika kwa kPa, ambapo 220 ni sawa na psi 32. Ile namba kubwa iliyo kwenye tairi lenyewe ni kikomo, si kiasi cha kujaza. Na upepo hupimwa asubuhi tairi likiwa limepoa, si baada ya kufika.

Nani aseme?

Kujua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusema, na hapo ndipo tunaposhindwa. Asubuhi ya safari watu wamekaa juu ya mabegi, mmoja analalamika tumechelewa, dereva anawasha gari, na anayetaja tairi anaonekana mkorofi. Dereva akijibu, "Twendeni tu, Mungu yupo," nani atabishana na hilo?

Dawa ni kulihamisha swali. CR au mshika hela amwombe dereva picha kabla ya kutuma advansi: uso wa kila tairi na zile namba za DOT, spea ikiwemo. Siku moja kabla ya safari, watu wawili wakalione gari lenyewe, kwa sababu picha inaweza kuwa ya gari jingine. Stika ya ukaguzi kwenye kioo isiwatoshe, maana inasema gari lilikuwaje siku lilipokaguliwa. Tatizo likipatikana, lugha ya heshima inatosha: "Kaka, hili la nyuma kushoto limefika kwenye alama. Tunaomba lingine, halafu tukutumie hela." Akiwa bado hajalipwa, na zimebaki saa ishirini na nne za kutafuta tairi au kutafuta gari lingine, atawasikiliza kuliko atakavyowasikiliza saa kumi na moja alfajiri getini.