Usaili umekwisha, jibu halijaja: wanayopitia vijana wetu wanapotafuta kazi

Ni alfajiri katika nyumba moja ya Temeke, jijini Dar es Salaam. Baada ya swala, mama anapiga pasi baibui la binti yake, baba anahesabu nauli mezani, na binti mwenyewe anapanga upya vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki. Saa tatu asubuhi anatakiwa awe amefika katika kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa kwa ajili ya usaili. Hii ni mara yake ya nne kuitwa na kampuni hiyo hiyo, kwa nafasi hiyo hiyo moja ya karani wa hesabu.

Binti huyo alitusimulia habari zake wiki sita baadaye. Mara ya kwanza alifanya mtihani wa kuandika. Mara ya pili alihojiwa na jopo la watu watatu. Mara ya tatu aliambiwa afanye kazi ghalani kwa siku tatu ili waone utendaji wake. Akahesabu mizigo na kuandika ankara tangu asubuhi hadi karibu na magharibi, pasipo malipo wala chakula. Mara ya nne alionana na mkurugenzi, akapewa mkono wa pongezi na kuambiwa asubiri simu ndani ya siku saba. Simu hiyo haikuja. Alipopiga mwenyewe, alijibiwa kuwa mhusika yuko kikaoni. Alipofunga safari kwenda kuuliza, mlinzi ndiye aliyemwambia getini kuwa nafasi imekwisha kujazwa.

“Kukosa kazi nimekubali, riziki ni ya Mwenyezi Mungu,” alituambia. “Kilichoniuma ni kwamba mama alikuwa amekwisha kuwaambia majirani.”

Katika makala hii hatutaitaja kampuni hiyo, wala hatudai kuwa iko peke yake. Tulizungumza na vijana kadhaa waliopita katika milango ya waajiri mbalimbali, na tukakuta mambo yanayofanana kiasi cha kutufanya tuone kuwa wazazi wanapaswa kuyajua. Mwenye kuitwa kwenye usaili anapeleka huko muda wake, fedha za familia yake na matumaini ya watu wa nyumbani, na kwa sababu hiyo anastahili kujibiwa hata kama jibu lenyewe ni la kumkatalia.

Wengi mlangoni, nafasi chache

Uhaba wa ajira si siri. Wasomaji wetu watakumbuka mwezi Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walipojaa katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kwa ajili ya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walizidi 100,000. Kwa hesabu hizo, wengi watakaosailiwa watarudi nyumbani bila kazi, na hilo haliwezi kuwa kosa la msailiwa wala la jopo.

Afisa utumishi mmoja mstaafu, aliyefanya kazi hiyo katika makampuni binafsi kwa miaka mingi, alitueleza upande wa pili. Nafasi moja ya karani, alisema, huweza kuletewa mamia ya barua, na nyingi zimeandikwa bila mwombaji kusoma tangazo. Wapo wanaotia chumvi katika wasifu wao, wapo wanaochelewa kufika, na wapo wasioweza kueleza kampuni waliyoiomba inafanya kazi gani. “Lakini,” aliongeza, “kati ya mamia hayo, tunaowaita ana kwa ana ni watu kumi au kumi na watano. Hao kuwaandikia ujumbe ni kazi ya nusu saa. Tusipowaandikia ni kwa sababu tumezoea kutowaandikia.”

Katika utumishi wa umma jambo hili lina utaratibu. Sekretarieti ya Ajira hutangaza majina ya wanaoitwa kwenye usaili, na baada ya usaili matokeo hutolewa, hata kwa aliyekosa. Aliyefaulu akakosa nafasi anaweza kuhifadhiwa katika kanzidata ili apangiwe kazi pindi nafasi inapopatikana. Utaratibu huo nao una walalamikaji wake, ila msailiwa hujua amesimama wapi. Katika makampuni mengi binafsi hakuna anayemweleza.

Gharama isiyoandikwa

Kijana mmoja kutoka Tanga aliitwa kwa simu aje Dar es Salaam kesho yake. Mjomba wake alimkopesha shilingi 60,000 za nauli na matumizi, akalala Mbagala kwa jamaa, na asubuhi alipofika ofisini akaambiwa kuwa usaili umeahirishwa. Hakupigiwa simu ya kumzuia asisafiri. Mwingine alitakiwa apime afya kwa fedha zake kabla hajajulishwa kama amechaguliwa. Akapima, akapeleka majibu, na habari ikaishia hapo.

Kwa familia yenye kipato cha kila siku, fedha za namna hii hutoka kwenye unga, ada ya mdogo wake au dawa za bibi. Tunawashauri vijana waulize kabla ya safari, kwa adabu: usaili una hatua ngapi, nauli ni ya nani, kazi ya majaribio inalipwa au hailipwi, na jibu litatolewa lini na kwa njia gani. Mwajiri anayechukizwa na maswali hayo amekwisha kujieleza.

Aidha, anayedai “pesa ya fomu”, “pesa ya sare” au “pesa ya kuhifadhi nafasi” kupitia simu aogopwe. Matapeli wamejua kiu ya vijana wetu. Mkataba Namba 181 wa mwaka 1997 wa Shirika la Kazi Duniani umeweka msingi kwamba wakala binafsi wa ajira hapaswi kumtoza ada mtafuta kazi. Na akitokea mtu ndani ya ofisi anayeomba rushwa, iwe ya fedha au ya ngono, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007 inayahesabu yote mawili kuwa makosa. Simu ya bure ya TAKUKURU ni 113. Wazazi wawaambie mabinti zao mapema, tena kwa uwazi, kuwa wakikutwa na jambo hilo waje nyumbani waseme, na kwamba hakuna atakayewalaumu kwa kuipoteza kazi ya namna hiyo.

Maswali yasiyohusu kazi

Mama mmoja mwenye mtoto wa mwaka mmoja, aliyekuwa na uzoefu wa miaka minne katika uhasibu, aliulizwa na jopo anatarajia kuzaa tena lini. Binti mwingine, aliyeomba nafasi ya mapokezi, aliulizwa kama yuko tayari kuvua hijabu akiwa kazini kwa kuwa wateja “wanapenda kuona sura ya kisasa”. Wote wawili walijibu kwa upole na wote wawili hawakuitwa tena. Hatuwezi kuthibitisha kwamba hiyo ndiyo sababu. Huenda wenzao waliwazidi. Lakini swali lenyewe lilikuwa limekwisha kuwaumiza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi katika ajira kwa misingi ambayo ndani yake imo dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia. Wengi hawajui kuwa kifungu hicho kinamhesabu pia mwombaji wa kazi, wala hakimsubiri mpaka awe ameajiriwa. Anayeona amebaguliwa anaweza kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na pakiwa na ushahidi wa awali, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa hakubagua. Ndiyo maana tunasisitiza: msailiwa akitoka tu, aandike tarehe, mahali, majina aliyoyasikia na maswali aliyoulizwa.

Mwajiri naye ana haki zake. Anaruhusiwa kueleza saa za kazi, na kumuuliza mwombaji kama ataweza kuzitimiza. Kijana anayetaka muda wa kuhudhuria swala ya Ijumaa ni bora aliseme wakati wa mapatano ya kazi, na aeleze atakavyofidia muda huo, kuliko kunyamaza na kuanza kutoroka baada ya kuajiriwa.

Mfano wa Madyan

Katika Suratul Qasas tunasoma habari za Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipofika Madyan akiwa mgeni asiye na kitu. Mmoja wa mabinti wawili aliowanyweshea mifugo alimshauri baba yake amwajiri, akitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Mzee yule akamweleza Musa masharti yote mwanzoni, kwamba kazi ni miaka minane, na akikamilisha kumi ni kwa hiari yake, wala hakutaka kumtaabisha. Musa akakubali, na wakamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi wa makubaliano yao.

Yote tunayoyadai leo yamo humo: sifa zinazohusu kazi, muda uliotajwa, masharti yaliyo wazi na ahadi yenye shahidi. Sheria ya nchi nayo, katika kifungu cha 15 cha sheria tuliyoitaja, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi yakiwamo aina ya kazi, tarehe ya kuanza, saa za kazi na ujira.

Tunapowapokea nyumbani

Baadhi ya vijana walituambia kuwa sehemu ngumu zaidi ya usaili huanza wanaporudi nyumbani. “Wamesemaje?” huulizwa mlangoni, kisha kesho, kisha kila siku, mpaka kijana anaanza kuchelewa kurudi ili asikutane na swali. Wengine hulinganishwa na mtoto wa jirani aliyepata kazi. Ngojangoja huumiza matumbo, na anayengoja tayari anaumia. Inatosha mzazi kuuliza mara moja, kusikiliza, kumwombea dua na kumsaidia kupanga hatua inayofuata. Habari za kazi zisitangazwe mtaani kabla ya mkataba kutiwa saini.

Na tusisahau kuwa miongoni mwetu wasomaji wamo wenye maduka, shule, maduka ya dawa na mabasi. Sisi nasi tunaajiri. Ni mara ngapi tumemwambia kijana “tutakupigia” huku tukijua kuwa hatutampigia? Ni mara ngapi tumemfanyisha mtu kazi siku tatu tukaita majaribio? Ahadi ni deni, hata kwa yule ambaye hatukumchukua.

Binti wa Temeke sasa anaandika hesabu za duka la shangazi yake huku akiendelea kuomba kazi. Wiki iliyopita alipata ujumbe kutoka kampuni nyingine, mistari miwili tu, ukimshukuru kwa kufika na kumjulisha kuwa safari hii hakuchaguliwa. Alimsomea mama yake jikoni. Mama alimuuliza mbona anasomewa habari ya kukosa.

“Kwa sababu hawa wameniambia,” alijibu.